Mashine ya kupumulia si tiketi ya Kinondoni!

Najua wengine mmefungua ukurasa huu mkitegemea umbea wa mapenzi, nani kaachwa na nani kaopoa. Leo mtanisamehe. Leo naongelea pumzi. Ndiyo, pumzi hiihii unayoivuta bure huku unasoma gazeti la mwenzio kwenye daladala.

Kuna mshikaji wangu mmoja, mkazi wa Buguruni, jina lake naliweka kapuni. Juzijuzi alinipigia simu saa nane za usiku. Si unajua, mtu akikupigia saa hizo ni mambo mawili tu: ama kalewa, ama kuna msiba. Yeye alikuwa mkavu kabisa.

“Kaka, njoo hospitali. Mama wanataka kumuweka kwenye mashine. Mama mkubwa kagoma. Mimi wananiuliza nasemaje, na sijui niseme nini.”

Nikachukua bodaboda, mbio.

Huyu mama namfahamu tangu tuko wadogo. Ni mama ntilie wa ukweli, siyo wale wa kubahatisha. Kwa zaidi ya miaka 30, saa kumi alfajiri alikuwa tayari yuko kwenye mafiga, kuni zinawaka, vitumbua vinaiva, na wali wa mchana unafuata kwenye mkaa. Kasomesha watoto wanne kwa moshi ule. Sigara hajawahi kugusa, na pombe ukimpitishia puani anakukemea. Ila kikohozi alikuwa nacho miaka nenda rudi. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: “Kikohozi cha moshi hicho mwanangu, kinazoeleka.”

Hakikuzoeleka. Miaka miwili iliyopita akawa hawezi kutembea mpaka kituoni bila kupumzika njiani. Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, malapa yakawa hayapiti, na usiku akawa analala amejiegemeza kwenye mito mitatu, maana akilala chali anahisi anazama. Hospitali wakampima, wakasema ana ugonjwa sugu wa mapafu: njia za hewa zimesinyaa na hazitarudi kuwa kama zamani. Na moyo nao umeanza kuchoka, maana unasukuma damu kwenye mapafu yaliyoharibika. Moyo na mapafu, jamani, ni kama mawifi wanaoishi nyumba moja. Mmoja akinuna, mwenzie hali chakula.

Basi usiku huo mama alibanwa. Wakamkimbiza kwenye kituo kidogo cha jirani. Pale wakamfungulia oksijeni kwa nguvu zote, wakambana kile kidude cha kwenye kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Kikasoma 98. Ndugu wote wakashusha pumzi. “Asante Mungu, tumepona.” Mama mwenyewe akaanza kusinzia. Mama mkubwa akasema, “Mwacheni alale, kachoka.”

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo kisanga kilipoanzia. Ule haukuwa usingizi.

Walipoona anaongea maneno hayaeleweki, na ukimuita anafumbua jicho moja na kulifumba, wakamhamishia hospitali kubwa. Ndiko nilikowakuta. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa rika letu, macho mekundu kwa kukesha. Kitu cha kwanza alichofanya kiliwashtua wote: akapunguza oksijeni! Mama mkubwa nusura amrukie. Halafu nesi akaja akisukuma kimashine kidogo kina mpira mrefu kama wa kumwagilia bustani, na mwisho wa mpira kuna maski ngumu ya plastiki inayofunika pua na mdomo, ina mikanda ya kufunga kichwani.

Mama mkubwa akapiga ukunga. “Shoga yangu wa Temeke walimvisha hiyohiyo saa mbili. Saa tano tukaambiwa tukachukue kanga zake. Mdogo wangu simtoi kafara mimi!”

Na msimcheke. Hiyo imani iko mtaani kwetu, tena ilikomaa mwaka 2020 wakati wa korona. Watu waliona jirani anaondoka na gari, wanasikia kawekewa mashine, halafu harudi. Akili ikafunga hesabu: mashine ndo inayoua. Hakuna aliyejiuliza mgonjwa alifikishwa saa ngapi, na alikuwa kachoka kiasi gani. Ni sawa na kusema zimamoto ndio wanaochoma nyumba, kwa sababu kila nyumba inapoungua wao wanaonekana.

Daktari hakukasirika. Aliinama kidogo akasema, “Shikamoo mama mkubwa. Naomba nikueleze kitu kimoja tu. Huyu mdogo wako hajalala. Amelewa hewa yake mwenyewe.”

Tukatulia wote.

Sasa hapo naomba nikuelezee kwa lugha ya kwetu, maana na mimi nilielezwa mara mbili ndipo nikaelewa. Chukulia mapafu ni daladala. Abiria wanaopanda ni oksijeni. Abiria wanaoshuka ni ile hewa chafu, wenye shule zao wanaiita kabonidayoksaidi. Mtu mzima wa afya, kila kituo watu wanashuka na wengine wanapanda, gari inakwenda. Sasa mtu mwenye mapafu ya moshi, mlango wake umebanwa. Kupanda wanapanda kwa shida, lakini kushuka ndo kasheshe kabisa. Hewa inabaki ndani, misuli ya kifua inasukuma mpaka inachoka, na ile hewa chafu inajaa kwenye damu. Ikizidi, damu inakuwa na asidi na ubongo unalewa. Mtu anasinzia, anaongea ovyo, mikono inatetemeka, na mwisho anasahau hata kupumua.

Sasa wewe ukimfungulia oksijeni nyingi, umefanya nini? Umeongeza abiria wa kupanda. Wa kushuka bado wako ndani wanapiga kelele. Kile kidude cha kidoleni kinahesabu waliopanda tu! Waliokwama ndani hakiwaoni. Ndo maana kilisoma 98 watu wakashangilia wakati mama anazama. Tena kwa wagonjwa wa aina hii oksijeni ikizidi inaweza kufanya hewa chafu irundikane zaidi. Madaktari wanalenga kisome kati ya 88 na 92, basi. Kule Tasmania, Australia, walilinganisha jambo hili kwa wagonjwa waliokuwa wanabebwa na ambulansi, wakatoa majibu mwaka 2010: waliopewa oksijeni ya kupimwa walikufa wachache kuliko waliofunguliwa bomba bila kipimo. Kwa hiyo oksijeni ni dawa, na kila dawa ina dozi.

Na ile mashine ya maski? Ile ndo konda mwenye misuli. Kazi yake ni kusimama mlangoni: shusha kwanza, pakia baadaye. Haileti oksijeni yenyewe, ingawa unaweza kuichomekea. Inaleta nguvu. Mgonjwa akianza kuvuta, inamsukumia hewa. Akitoa, inapunguza msukumo lakini inabakiza kidogo ili njia zisijifunge. Kila pumzi anasaidiwa, na misuli iliyochoka inapata kupumzika.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inasukuma kwa nguvu moja muda wote, kwenye boksi lake utaona herufi CPAP, wenyewe wanatamka sipapu. Ya pili ina nguvu mbili, kubwa ya kuvuta na ndogo ya kutoa, hiyo ni baipapu. Mama alivishwa baipapu. Nguvu hiyo inapimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kujua maana yake, chukua mrija wa soda, uchovye sentimita 10 ndani ya glasi ya maji, upulize mpaka mapovu yatoke. Umeona? Hiyo ndo presha ya sentimita 10. Ya kutoa huwa kama 5 hivi, ya kuvuta inaanzia kwenye 10 na kitu, inapandishwa taratibu. Hakuna cha kupasua mtu kifua hapo.

Kikubwa zaidi ni hiki: hakuna mrija unaoingizwa kooni. Mashine ile kubwa ya chumba cha wagonjwa mahututi, ambayo ndiyo wengi tunaiogopa, inataka mgonjwa alazwe usingizi wa dawa na mrija upitishwe mpaka kwenye koromeo la hewa. Hii ya maski unaivaa ukiwa macho, unaivua kidogo kunywa maji nesi akiruhusu, unaweza hata kuitikia salamu. Mara nyingi inawekwa ili mgonjwa ASIFIKE kwenye ile ya mrija. Sasa nyie mnakimbia ngazi ya kwanza mkidhani ni ya mwisho.

Halafu sikieni kichekesho. Babu wa mashine hii ni kifyonza vumbi! Mwaka 1936 daktari mmoja wa London, Poulton wa hospitali ya Guy's, aliandika jinsi alivyowasaidia wagonjwa wa moyo waliojaa maji kwenye mapafu, kwa kuwapulizia hewa kwa maski kutoka kwenye mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize. Wazo likalala miaka. Kisha mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney, Australia, akatumia mota kama hiyohiyo kuwatibu watu ambao koo zao zinajifunga usingizini, wale wanaokoroma mpaka wanakata pumzi. Kuanzia hapo ndipo maski zikaenea, na miaka ya 1990 zikawa dawa kamili kwa wagonjwa wa mapafu waliobanwa. Kitu cha kufagilia kapeti kimekuwa cha kuokoa roho, na we bado unakiogopa.

Usinijibu kwamba hizo ni stori. Namba zipo. Mwaka 2000 walitoa majibu ya utafiti uliofanyika kwenye hospitali 14 za Uingereza, kwenye wodi za kawaida, siyo chumba cha mahututi. Wagonjwa 236 wenye ugonjwa kama wa huyu mama, wamebanwa, damu ina asidi. Nusu, 118, walipewa matibabu ya kawaida. Nusu wakapewa hayohayo pamoja na mashine ya maski. Upande wa kwanza walikufa hospitalini 24. Upande wa maski walikufa 12. Nusu kwa nusu! Na walioshindwa mpaka wakafikia kiwango cha kuhitaji mrija walitoka 32 wakawa 18.

Lakini mimi siyo mpiga debe, nakwambia na upande wa pili. Kumi na wawili walikufa hata wakiwa na maski. Mashine siyo Mungu. Na siyo kila mtu anavishwa. Anayetapika mfululizo havishwi ovyo, maana matapishi yatasukumwa mapafuni. Aliyeumia vibaya usoni, au aliyekwishaacha kupumua mwenyewe, huyo anataka njia nyingine. Ndo maana lazima kuwe na daktari na nesi wanaoijua, siyo kuifunga na kuondoka.

Kwa wale ambao tatizo ni moyo, maji yamejaa kwenye mapafu ghafla na mtu anapumua kama katoka kuzama, maski nayo inasaidia. Hewa ya msukumo inafungua vile vifuko vya mapafu na kumpunguzia moyo mzigo. Waingereza walijaribu kwa wagonjwa 1,069 wakatoa majibu mwaka 2008. Waliovaa maski walipata nafuu ya pumzi haraka kuliko waliopewa oksijeni peke yake, ila vifo ndani ya siku saba havikutofautiana. Kwa hiyo kwa moyo, maski ni msaada wa kumtoa mtu kwenye mateso wakati dawa za kutoa maji na za presha zinafanya kazi. Haichukui nafasi ya dawa.

Haya, turudi wodini, tulimwacha mama anasinzia.

Daktari akamwambia mshikaji, “Tukiacha hivi, naogopa asubuhi hatutamuamsha. Tukimvisha, baada ya saa moja nampima damu ya mshipa wa mkononi, tunaona. Isipomsaidia, tunakaa tena kuongea. Sikufichi kitu.”

Mshikaji akamtazama mama mkubwa. Mama mkubwa akatazama chini, kashika tama. Mshikaji akasema, kwa sauti ndogo mno, “Mvisheni.”

Jamani, zile dakika kumi za mwanzo sizisahau. Mama alizinduka na kuanza kupigana na ile maski. Hata wewe ungepigana, ni kama umetoa kichwa dirishani kwenye basi linalokimbia. Mshikaji akanyoosha mkono aivue. Nesi, dada mmoja wa makamo, akamzuia bila makelele. “Kaka, hiyo mikanda usiguse. Njoo huku, mshike mama mkono, mwambie avute polepole.” Yeye mwenyewe hakuwa ameikaza bado. Aliishikilia kwa mkono wake usoni pa mama, anaisogeza, anaiondoa kidogo, anairudisha. “Mama, vuta na mimi. Toa na mimi. Vuta. Eeh, hivohivo.” Mpaka mama akaacha kupambana, akafuata. Ndipo akafunga mikanda. Kazi ya ujuzi ile, wala hamna aliyempigia makofi.

Baada ya saa moja damu ikapimwa. Asidi imepungua kidogo. Saa kumi na moja alfajiri ikapimwa tena, imepungua zaidi. Saa moja asubuhi mama akafumbua macho yote mawili, akamtazama dada yake, akasogeza maski kwa kidole akauliza, “Nani kafungua genge leo?”

Mama mkubwa akacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuona.

Sasa ya kubeba nyumbani. Kwanza, mgonjwa wa mapafu au moyo akibanwa, akae wima, asilazwe chali. Pili, akianza kusinzia isivyo kawaida, kuongea ovyo, au kuumwa kichwa kila asubuhi akiamka, usiseme “kachoka.” Kimbia. Huo ndo ulevi wa hewa chafu. Tatu, kama yuko kwenye oksijeni, nyumbani au hospitali, usizungushe kitufe kwa huruma yako. Waambie wahudumu mapema, “Huyu ana ugonjwa sugu wa mapafu,” waonyeshe na cheti na dawa zake. Sentensi hiyo moja ingesemwa pale kituo kidogo, huenda usiku ule ungekuwa mfupi.

Nne, akishavishwa maski, kazi yako ndugu ni mkono na maneno. Usimlishe na maski ikiwa usoni, utampalia. Muulize nesi muda wa kula. Angalia juu ya pua, maski ikibana sana inachubua ngozi. Hewa ikivuja kwenye macho, sema, irekebishwe. Tumbo likijaa gesi, sema. Siku ya kwanza anatakiwa aivae kwa muda mrefu kadiri anavyoweza, kwa hiyo usiwe wewe wa kumwambia “pumzika kidogo mama, uivue.”

Tano, kuna watu wanaendelea na mashine nyumbani, wanavaa usiku wakilala. Hiyo ni kwa wale ambao hata baada ya kutulia, wiki kadhaa baadaye, hewa chafu bado iko juu. Waingereza walitoa majibu mwaka 2017 ya wagonjwa 116 wa namna hiyo. Waliotumia oksijeni peke yake, nusu yao walikuwa wamerudishwa wodini au wamefariki ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi. Waliotumia oksijeni pamoja na mashine, ilichukua miezi minne na zaidi. Ni muda, wapenzi. Ni sikukuu moja na mjukuu. Ila bei yake si mchezo, na umeme ukikatika lazima uwe umejipanga, betri au jenereta. Muulize daktari mapema kama mgonjwa wako anaihitaji kweli, kabla hamjauza kiwanja.

Na msiazimane! Najua sisi, mtu akifariki mashine inahamia kwa jirani. Mwaka 2015 ilitoka habari ya wagonjwa wenye moyo dhaifu sana ambao pumzi zinakatikakatika usingizini kwa sababu ubongo unasahau kutoa amri. Walijaribiwa aina moja ya mashine inayojirekebisha yenyewe, kila mtu akitegemea nafuu. Vifo vya moyo vikaongezeka. Yaani mashine inayomfaa huyu inaweza kumdhuru yule. Siyo mwavuli huo.

Sita, na hili ndo gumu. Ongeeni na mzee wenu akiwa mzima. Muulizeni akibanwa anataka nini: maski? Mrija? Au atulizwe tu pumzi isimtese? Mshikaji wangu alikuwa na dakika tano za kuamua saa tisa za usiku, huku mama mkubwa analia, na mwenye roho yake hawezi kujibu. Asubuhi mama alipopata akili, daktari alimuuliza yeye mwenyewe. Akajibu, “Hiyo ya usoni nivisheni hata kesho. Ya kooni, tutaongea na wanangu kwanza.” Mambo yakaisha, hakuna aliyekosana na mtu.

Mwisho, nyie vijana wenzangu mnaodhani haya ni ya wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Vizuri sana, lakini mama yako anapika leo jioni. Simu ya mkononi umebadilisha mara ngapi? Mtungi wa gesi je? Na wewe unayevuta sigara kwenye ngazi za gheto lako ukijiona bishoo, mapafu hayajui ubishoo. Mlango wa daladala unabana kidogokidogo, siku ukijua umebana, haufunguki tena wote.

Mama karudi Buguruni. Hana mashine nyumbani, kipimo cha baadaye kilionyesha haihitaji kwa sasa. Anatumia dawa zake za kuvuta kwa mdomo na za kupunguza maji, miguu imepungua, mito imebaki miwili. Genge kamwachia binti yake, na mshikaji kanunua jiko la gesi la plati mbili kwa mshahara wa kwanza uliofuata.

Nilipita Jumapili kuwajulia hali. “Shikamoo mama, unaendeleaje?”

“Marahaba mwanangu. Pumzi ipo. Ila huyu mwenzio kaniletea jiko halina adabu. Maharage ya gesi hayana ladha kabisa.”

Nikala sahani mbili. Yalikuwa matamu, ila sikubisha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.